CHUMVI NIMEACHA, NATIA HII TU



Tumezoea kujadiliana Katiba, mikataba ya madini, nani kala nini na nani atagombea wapi. Leo naomba niingie na mada ambayo wengine wataiona ndogo. Nataka tuzungumzie vidonge vya mchuzi, vile vya mraba vinavyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, pamoja na ndugu zake: unga wa mchuzi wa pakiti, sosi za chupa, na yote yanayotoka viwandani kuja kutia ladha kwenye sufuria zetu. Anayesema hii si siasa asome mpaka mwisho, halafu anipinge kwa hoja.

Mimi ni nesi. Nafanya kazi Uingereza kwenye wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Kazi yangu ya kila siku ni kuwageuza kitandani watu ambao juzi walikuwa wanaendesha gari, kuwalisha kwa kijiko watu waliolea watoto wanne, na kumsikiliza mzee anayejua kabisa anachotaka kusema lakini ulimi haumtii. Kwa hiyo ninaposema presha ni ugonjwa mbaya, sijalitoa neno hilo kitabuni.

Mama yangu yuko Tanga. Ana presha zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2021 aliamka asubuhi akashindwa kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Mungu alisaidia, uso umerudi, anatembea kwa bakora, lakini mkono ule haukuni nazi tena. Nilipopata likizo nilikwenda kumuona. Siku ya tatu nikakaa jikoni. Wifi yangu alikuwa anapika maharage ya nazi ya watu wote, na pembeni kulikuwa na kijisufuria cha mama, maana kliniki walimwambia apikiwe peke yake bila chumvi. Mara namuona mama anafungua kopo, anatoa kidonge cha mchuzi, anachana karatasi kwa meno na mkono wa kushoto, anakivurugia kwenye kijisufuria chake.

Nikamuuliza, "Mama, si umekatazwa chumvi?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeharibiwa akili na baridi. "Chumvi nimeacha siku nyingi mwanangu. Natia hii tu."

Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa heshima peke yake. Lile kopo na vile vidonge nilituma MIMI, kwenye boksi la sikukuu, pamoja na sabuni na vitenge. Mimi mwenye shahada ya uuguzi, ambaye kila wiki nawafundisha Waingereza kusoma lebo za vyakula.

Wala sitasema kidonge ndicho kilichompooza mama yangu. Kiharusi kina sababu nyingi: umri, kurithi, kisukari, dawa zilizorukwa siku ambazo hela haikuwepo. Anayekwambia amejua sababu moja anakudanganya. Ninachosema ni kwamba mwanamke huyu alikuwa anafuata masharti kwa uaminifu wote, anakula chakula chake peke yake kama mkiwa, na bado chumvi ilikuwa inamfikia kila siku kwa mlango wa nyuma, bila mtu yeyote kumwambia.

Tupige hesabu, maana hesabu haina chama. Chukua kidonge kidogo cha gramu 4. Katika vidonge vingi vya namna hii, ukisoma lebo, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Yaani kidonge kimoja ni kama gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai, na hapo ni chumvi YOTE: ya mkate, ya chapati, ya samaki mkavu, ya mchuzi, ya karanga za barabarani. Mama yangu, ambaye "ameacha chumvi", kidonge kimoja mchana na kimoja jioni, tayari gramu 4. Hajala mkate bado.

Sasa sufuria ya wifi yangu. Vidonge vitatu ni gramu 6. Juu yake akatia kijiko cha chai cha chumvi, maana kwake kidonge ni kiungo, si chumvi. Hiyo ni gramu 5 nyingine. Jumla 11, watu watano, kila mtu gramu 2.2 kwa mboga ya mlo mmoja. Akirudia usiku ni 4.4. Watoto wamo humo humo, na kiwango cha mtoto kinatakiwa kiwe chini ya cha mtu mzima. Wakubwa, hatujagusa chipsi wala mihogo ya shule.

Kitu hiki kilitoka wapi? Mwenye kinu mmoja wa Uswisi, Julius Maggi, miaka ya 1880 alianza kutengeneza supu ya unga wa jamii ya kunde kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, ambao walikuwa hawana muda wa kupika wala hela ya nyama. Kidonge cha supu cha kampuni yake kikaja mwaka 1908. Kwa hiyo tangu mwanzo kilikuwa chakula cha watu waliochoka na wenye mifuko mitupu, na sioni aibu kwa hilo. Mwaka 1947 kampuni hiyo ikaungana na Nestlé. Leo kidonge kile kimefika Dakar, Lagos, Kinshasa, Mombasa na Muheza, na kampuni nyingi, za wageni na za wazawa, zinatengeneza cha kwao. Kinauzwa dukani kwa Mangi kimoja kimoja, kwa hela ambayo hata mtoto anatumwa nayo.

Ukitaka kujua kilichomo, soma orodha ya viambato. Utaratibu wa kimataifa ni kwamba kinachotangulia ndicho kilicho kingi zaidi kwa uzito. Angalia kidonge chako usiku huu. Picha ya juu ina kuku mnono, kitunguu na majani ya kijani. Neno la kwanza kwenye orodha ni nini? Mara nyingi ni chumvi. Kuku utamkuta mwishoni, tena wa unga, kama yupo. Na wajanja wengine hawaandiki chumvi kwenye jedwali, wanaandika sodiamu, kwa sababu namba yake ni ndogo na haitishi. Zidisha ile sodiamu kwa 2.5, utapata chumvi yenyewe.

Hapa lazima niwagombeze kidogo na ndugu zangu wanaojiita wanaharakati wa afya. Kila ninapoanzisha mazungumzo haya, mtu anadakia: "Ndiyo, ile ajinomoto ni sumu!" Ndugu zangu, tunapiga kivuli na nyoka anapita. Ile chembechembe nyeupe ya kukoleza ladha, monosodiamu glutameti, ilitambuliwa mwaka 1908 na mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, kutoka kwenye mwani wa supu ya kwao. Hofu juu yake ilipata nguvu mwaka 1968, daktari mmoja alipoandika barua fupi kwenye jarida la tiba la Marekani kwamba akila kwenye mikahawa ya Kichina anajisikia vibaya. Barua moja! Utafiti uliofuata haukuthibitisha kwamba kwa kiasi cha kawaida cha chakula inawadhuru watu walio wengi. Tena ina sodiamu kama asilimia 12, wakati chumvi ya kawaida ina kama asilimia 39. Kwa hiyo unakuta mama anakataa pakiti yenye ajinomoto, ananunua iliyoandikwa kwamba haina, na ndani yake chumvi iko pale pale au imezidi. Kampuni inafurahi. Umempigia kelele mwizi wa kuku, mwizi wa ng'ombe anakusindikiza.

Twende kwenye hali ya nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 na ule wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu. Robo! Katika daladala yenye abiria ishirini, watano. Na Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wenye presha duniani hawajijui. Presha haiumi. Inakaa kimya miaka kumi inakula mishipa ya ubongo, figo na moyo, halafu siku moja kikombe kinakudondoka mkononi. Tunasikia, "Fulani kaanguka bafuni." "Fulani karogwa, mdomo umekwenda upande." Tunachanga rambirambi, tunatuma maiti, tunaendelea. Ughaibuni huku sisi ndio mabingwa wa kuchangia majeneza.

Swali la siasa ndilo hili: nani anaamua ni chumvi kiasi gani iingie kwenye kidonge? Si mama yangu, wala wifi. Ni mtu aliyekaa kwenye kikao cha kiwanda, na kwake chumvi ni malighafi rahisi inayotia ladha na kujaza uzito. Simlaumu kwa kutafuta faida, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Namlaumu yule anayelipwa mshahara na kodi zetu ili amwekee mwenzake mpaka.

Msiniambie haiwezekani, imeshawezekana. Hapa Uingereza wanasayansi walianza kupiga kelele miaka ya 1990. Mwaka 2006 serikali ikachapisha viwango vya chumvi kwa makundi mengi ya vyakula, mkate, supu na sosi zikiwemo, na ikawa inawafuatilia wenye viwanda na kuwaumbua wazembe. Haikuwa sheria, ilikuwa hiari yenye macho nyuma yake. Chumvi wanayokula watu wazima ilishuka kutoka gramu 9.5 kwa siku mwaka 2000/01 hadi 8.1 mwaka 2011. Watu hawakuona tofauti, maana ilipunguzwa kidogo kidogo na ulimi ukazoea. Katika miaka hiyo vifo vya kiharusi vilipungua sana, ingawa dawa bora na kupungua kwa sigara navyo vina sehemu yake. Halafu mwaka 2011 wakaamua kuwategemea wenye viwanda kwa ahadi zao wenyewe, na kasi ikapungua. Fundisho liko wazi: bila msimamizi, ahadi ni maneno.

Mtasema Uingereza ni tajiri. Haya, twendeni Afrika Kusini. Machi 2013 waziri wao wa afya wa wakati huo, Aaron Motsoaledi, alitia saini kanuni zinazoweka kikomo cha sodiamu kwenye mkate, siagi za kiwandani, soseji, chipsi za pakiti, unga wa supu na VIDONGE VYA MCHUZI. Walipewa tarehe mbili, Juni 2016 na Juni 2019. Kwa vidonge, kikomo cha kwanza kilikuwa miligramu 18,000 za sodiamu kwa gramu 100, kisha 13,000. Geuza iwe chumvi: kutoka gramu 45 hadi 32.5 katika kila gramu 100. Hata baada ya sheria, karibu theluthi ya kidonge bado ni chumvi! Sasa jiulize, kama hicho ndicho kidonge kilichofungwa kamba na sheria, ambacho hakijafungwa kikoje? Nataka kila msomaji aliye nyumbani amuulize mbunge wake maswali matatu tu: kikomo cha chumvi kwenye kidonge kinachouzwa jimboni kwako ni gramu ngapi? Kimeandikwa kwenye sheria gani? Lini kilipimwa mara ya mwisho na majibu yalitangazwa wapi? Kwa Tanzania kazi ya vyakula ilitolewa TFDA mwaka 2019 ikapelekwa TBS, kwa hiyo mlango wa kugonga unajulikana.

Najua majibu yatakayokuja, naomba niyatangulie.

Hoja ya kwanza: "Utawakimbiza wawekezaji na ajira zitapotea." Hii nyimbo tumeisikia kwenye kila kitu. Kwani Afrika Kusini imekosa vidonge madukani? Vipo vimejaa. Kiwanda hakifungwi kwa kuambiwa punguza chumvi, kinabadilisha mchanganyiko. Na ile ajinomoto mnayoiogopa ni mojawapo ya njia za kubaki na ladha huku chumvi ikipungua. Wataalamu wao wanajua hili kuliko mimi.

Hoja ya pili: "Chumvi ina madini joto, ukiipunguza goita itarudi." Hii ni hoja ya maana na niijibu kwa adabu. Kutia madini joto kwenye chumvi kumeokoa akili za watoto wengi Afrika Mashariki, na iendelee. Lakini kiasi cha madini joto kinaweza kurekebishwa watu wanapokula chumvi kidogo, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Isitumike kama ngao. Hatuwezi kuokoa shingo ya mtoto halafu tukapasua mshipa wa bibi yake.

Hoja ya tatu: "Ni hiari ya mtu, asiyetaka asinunue." Hiari ipi? Mama yangu alichagua kuacha chumvi. Hiari yake iliporwa na karatasi ya kung'aa yenye picha ya kuku na maandishi madogo kuliko ya mkataba wa benki, tena kwa lugha isiyo yake. Huwezi kuchagua usichokijua.

Hoja ya nne ndiyo inayoninyima usingizi. Alinipa wifi yangu, siyo profesa. Aliniambia, "Wifi, nyama tunaila sikukuu. Hiki kidonge ndicho kinachofanya watoto wangu wamalize mchicha. Wewe kule una kila kitu, unakuja kunikataza kitu kimoja." Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli. Maskini ananunua harufu ya nyama kwa sababu nyama yenyewe hana. Ndiyo maana simwambii mtu atupe kopo lake leo, na sitaki vidonge vipigwe marufuku. Nataka kilichomo ndani kibadilishwe KIWANDANI, kwa sheria, ili wifi yangu aendelee kununua kidonge kilekile na watoto wamalize mchicha uleule, lakini chumvi iwe imepungua bila yeye kugharamia hata senti. Tajiri wa Oyster Bay na wa Muthaiga anaweza kujichagulia, ana daktari wake na lebo anaisoma. Sheria inamlinda yule anayenunua kimoja kimoja.

Na hapa kuna uchungu mwingine. Mama yangu anaishi mkoa wenye viungo. Milima ya Usambara Mashariki, kule Amani na Muheza, inatoa iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu. Bahari ikiwa shwari, Pemba haiko mbali na hapo. Viungo hivi vinasombwa kwa magunia vikiwa vizima, vinakwenda kusagwa, kuchanganywa na kupakiwa kwa wenzetu. Karafuu ya Unguja na Pemba nayo sehemu kubwa inatoka ikiwa kavu na nzima, ukiacha mafuta yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo pale Wawi. Ukienda Ilula, Iringa, msimu wa nyanya, matenga yamepangwa barabarani na bei imelala chini, huku madukani tunanunua nyanya za kopo zilizovuka bahari. Tunauza harufu, tunanunua chumvi.

Viwanda vya sosi na achari tunavyo. Dabaga ya Iringa iko miaka mingi na wengi wetu tumekua na chupa zake mezani. Lakini nisieleweke vibaya, siimbi uzawa. Mzawa naye apimwe kwa kijiko kilekile, maana mshipa wa mama hauulizi kiwanda ni cha nani. Ninachotaka ni serikali itumie sheria ya chumvi kufungua nafasi: atakayesaga binzari, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga ya Muheza akaipakia kwa bei ya wifi yangu, na chumvi ikawa kidogo, huyo apewe nafuu ya kodi kabla ya mtu mwingine. Magereza, shule za bweni na hospitali za serikali zinunue kwake.

Na sisi wa ughaibuni tusijione watakatifu. Friji zetu zimejaa sosi. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya kinaweza kuwa na gramu 2 za chumvi na zaidi. Sosi za saladi tunazomwagia majani ili tujisikie tunakula kizungu na kiafya, nyingi zina chumvi, sukari na mafuta, wakati kachumbari ya bibi ilihitaji ndimu na pilipili basi. Tunakuja kliniki presha 170, tunajitetea, "Sista, mimi situmii chumvi." Najua, dada. Hebu niambie unatumia NINI. Halafu tukienda nyumbani tunabeba makopo ya vidonge kama zawadi ya heshima. Nimelifanya hili na sitalifanya tena. Kwenye boksi langu sasa naweka mashine ya kupimia presha. Bei yake si kubwa kuliko viatu tunavyotuma.

Wauguzi wenzangu wa nyumbani, nina ombi kwenu, na nalisema nikijua mnavyofanya kazi, mmoja kwa wagonjwa mia. Kliniki inayomhudumia mama yangu ilimwambia "acha chumvi" kwa miaka yote hiyo. Hakuna aliyekosea, swali ndilo lilikuwa fupi. Tubadilishe swali. Tusiulize "unatia chumvi?" Tuulize "mchuzi wako unatia nini na nini?" Mgonjwa atakutajia mwenyewe. Na tusimwambie aache dawa eti kaacha kidonge. Dawa ameze, daktari ndiye atakayepunguza.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, mafupi. Moja, kikomo cha sodiamu kwenye vidonge, unga wa mchuzi na sosi, kiwe sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ili bidhaa isihamie mpaka wa pili, kiwe na tarehe na kishuke kwa awamu. Mbili, gramu za chumvi ziandikwe MBELE ya pakiti, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka na bibi asiye na miwani. Tatu, matangazo ya vidonge yasitumie watoto wala picha ya kuku ambaye hayumo. Nne, vipimo vya maabara vitangazwe kila mwaka kwa jina la bidhaa, aliyezidisha tumjue.

Mama yangu sasa ana chupa ya kachumbari ya viungo anayotwangiwa na mjukuu wake: binzari nyembamba, pilipili manga, kitunguu saumu, pilipili kidogo. Mwisho anakamulia ndimu. Mwezi wa kwanza aligoma, akasema chakula kama cha msibani. Mwezi wa tatu akaenda kwenye harusi, akarudi analalamika, "Watu wale wametia chumvi kama wamechota bahari." Harusi ilikuwa na mpishi yuleyule wa siku zote. Presha yake imeshuka kiasi, na dawa anameza zilezile, kwa hiyo sitampa ndimu sifa zote. Mkono haujarudi. Nazi anakuna mjukuu.

Lakini yeye ana mtoto nesi aliyekaa jikoni siku moja na kuuliza. Wale wanaoambiwa leo asubuhi "acha chumvi", wakarudi nyumbani wakaacha kwa moyo wote, wakafungua kopo, nani atawaambia? Serikali ndiyo nesi wa wasio na mtoto nesi. Ikilala, tutaendelea kuchanga rambirambi.

Naomba kuwasilisha. Wenye takwimu, wenye viwanda na wenye mawaziri karibuni mnijibu. Ila kabla hujaanza kuandika, nenda jikoni kwako kwanza ukasome lebo.